Mguu wa Samadari: uchambuzi wa kisa cha seremala msimulizi na mtaa wake

Kuhusu kisa hiki

Haya yametokea Dar es Salaam, upande wa Temeke, mahali ambapo mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi Keko. Wahusika wamekubali yaandikwe kwa sharti la kutotajwa, kwa hiyo hapa hakuna jina la mtu, la mtaa wala la kituo cha sanaa kilichohusika, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa. Nimezungumza na msanii mwenyewe, ambaye ni seremala na msimulizi, na fundi mkongwe anayefanya naye kazi, na bibi ambaye mguu wa kitanda chake ndio uliozua yote, na majirani kadhaa. Walengwa ni wasanii wanaofanya kazi na watu wa mitaani kwao, pamoja na wale wanaowaalika na kuwafadhili.

Ninachotaka kionekane ni kimoja. Katika karakana ya msanii huyu kila ubao ulikuwa na makubaliano yake: umetoka wapi, ni wa nani, utalipwaje. Hadithi, ambazo ndizo zilizoipa karakana jina, hazikuwa na makubaliano yoyote.

Karakana na watu wake

Anayeijua Keko anaijua biashara yake. Vitanda, makabati na sofa vimepangwa kandokando ya barabara, vingine bado havijapigwa vanishi, na mteja mara nyingi hanunui kilichopo bali anaagiza. Anatoa advansi, fundi anaandika kwenye daftari la oda, halafu ni kupigiana simu na kulaumiana mpaka mzigo utoke. Mtaa wa kisa hiki unaishi kwa pembezoni mwa biashara hiyo. Unapokea vipande vya mbao vilivyobaki, mafundi wasio na eneo barabarani, na wateja ambao hawana uwezo wa kununua samani mpya, wanaoleta za zamani zikarabatiwe.

Msanii ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alisoma sanaa za maonyesho chuoni, akacheza jukwaani kwa muda, kisha akaenda kujifunza useremala kwa fundi mzee. Alianza kama saidia fundi yeyote: kufagia maranda, kushika ncha ya pili ya ubao, kupiga msasa mpaka vidole vinakufa ganzi. Mtaani walimwita Dada Fundi. Walipojua kwamba amewahi kuwa mwigizaji walicheka tu, wala hawakumuuliza zaidi.

Baadaye yeye na mzee huyo walikodi banda la bati mbele ya nyumba ya mtu. Mzee alileta mashine ya kuranda, jiliwa, na wateja wake wa miaka mingi. Msanii alileta wazo. Mtu akileta kiti, kabati au mbuzi ya kukunia nazi, asiache na kuondoka. Akae, aeleze kilikotoka na kilivyovunjika, na majirani wasikilize. Visa vikishakuwa vingi, karakana itengeneze benchi la watu wengi, lililochongwa alama zinazotokana na visa hivyo, likawekwe mahali ambapo watu wa mtaa hukaa kusubiri au kupiga soga. Kichwani alikuwa na vinyago vya Wamakonde vya mtindo wa ujamaa, vile ambavyo watu wamebebana kuanzia chini hadi juu katika gogo moja la mpingo. Alitaka wabebane hivyo hivyo, ila wakiwa wamelala, kwenye kitu kinachokaliwa.

Jinsi watu walivyoanza kusema

Vikao vya mwanzo vilikufa. Viti vilipangwa kwa safu, kinasa sauti kikawekwa mezani, msanii akasimama na kuita "Paukwa!" Watoto wakaitikia "Pakawa!" kwa furaha, na watu wazima wakainamia simu zao. Paukwa na pakawa ni za watoto na bibi zao jioni, mtu mzima mwenye jambo la kusema huanza na "Ngoja nikwambie." Mama mmoja alieleza baadaye kwamba alidhani ni mradi wa afya, na alikuwa akingoja karatasi ya kusaini posho.

Kilichofungua midomo ni kukatika kwa umeme. Kulikuwa na oda ya stuli za mgahawa iliyokwisha kuchelewa, mashine imezimika, na mzee akagawa msasa kwa kila aliyekuwa amekaa bandani. Kabla stuli ya tatu haijalainika watu walikuwa wanazungumza, na si mazungumzo ya kujibu maswali.

Nimelitafakari sana jambo hili, na naona ndilo lenye manufaa kuliko yote kwa msanii mwingine. Anayepiga msasa hatazamwi usoni, na yeye hamtazami mtu. Akinyamaza hakuna anayeona aibu, maana mkono unaendelea. Anaweza kukata sentensi katikati, akapuliza vumbi, kisha akaendelea au asiendelee. Mshikaji wa kinasa sauti hana subira ya namna hiyo. Yeye hukodoa macho akingoja sentensi iishe, na msimulizi anahisi kama yuko mbele ya karani.

Hapo yakafanyika maamuzi mawili. La kwanza lilihusu kelele. Mashine ya kuranda inafanya kwa dakika chache kazi ambayo mkono unaifanya nusu saa, lakini ikiunguruma hakuna anayesikia kitu. Mzee hakutaka kuizima. "Mimi nakula kwa mashine, si kwa maneno," alisema, na haki yake ilikuwepo. Wakagawana siku: asubuhi ni mashine, na baada ya alasiri ni kazi zile ambazo mashine haisaidii sana, kama kukwangua vanishi ya zamani, kuchonga alama kwa patasi, kusugua na kupaka. La pili lilihusu gharama. Mteja anayekuja kusugua kitu chake mwenyewe alipunguziwa bei ya ukarabati. Watu wakaanza kuja kwa sababu ya maana, na hadithi zikaja nao bila kuitwa.

Mbao

Mninga ni ghali, na mabenchi hayakuwa na mnunuzi. Karakana ilitumia mabaki ya Keko, mbao za samani zilizokufa, na mapaleti ya kubebea mizigo yanayotoka bandarini. Kwenye paleti msanii alikuwa mkali. Ile yenye muhuri wa HT imepashwa joto kuua wadudu, hiyo inafaa. Yenye MB imefukizwa kwa gesi ya sumu ya methyl bromide, hiyo hairandwi wala haikaliwi. Isiyo na muhuri haikuingia bandani.

Benchi la kwanza lilikuwa zuri kwa macho na baya kwa kazi. Vipande vya aina mbalimbali viliunganishwa kwa gundi na misumari kuwa ubao mmoja mpana, wakati wa kiangazi. Masika ilipofika ukapinda na kuachana. Ubao ukinyonya unyevu hutanuka kwa upana na karibu hautanuki kabisa kwa urefu, na mti uliotoka kwenye baridi ya Mufindi, nyanda za juu, huteseka ukifika kwenye hewa ya pwani. Mzee alikuwa amesema mapema. Benchi likavunjwa na kuundwa upya kwa ulimi na tundu, na sehemu ya kukalia ikawa fito bapa zilizoachiana nafasi kidogo, kila moja ikiweza kutolewa peke yake. Uamuzi huo wa kiufundi, kama itakavyoonekana, uliokoa jambo ambalo halikuhusu mbao.

Benchi hilo lilikwenda kijiwe cha kahawa, na wazee wa pale wanalilinda mpaka leo. La pili liko kwenye uwanja wa watoto. La tatu lilitolewa kwa ofisi moja ya umma ili wananchi wakalie wakisubiri huduma. Nilipopita lilikuwa limeingizwa ndani na juu yake yamekaa mafaili.

Mguu mmoja

Alasiri moja alikuja bibi mmoja wa mtaa akiwa amebeba mguu wa kitanda ndani ya kanga. Ulikuwa wa mninga, umekerezwa vizuri, una pete tatu na kifundo kama cha mguu wa mtu. Alitaka mkerezaji autumie kama sampuli atoe mwingine wa namna hiyo. Akatajiwa bei: mninga mnene kiasi kile, na kazi ya kukereza juu yake. Akasema atarudi. Lakini shoga yake alikuwepo anasugua kigoda, naye akakaa, akaomba kipande cha msasa.

Kitanda kilikuwa samadari aliyopewa na mama yake alipoolewa. Mume alipofariki ukazuka mgogoro wa nyumba kati yake na ndugu wa mume. Siku aliyotaka kuhamisha vyombo vyake, shemeji yake alikwisha kung'oa mguu mmoja na kuondoka nao, ili kitanda kisitoke. Kikatoka. Alikwenda kukiweka juu ya matofali, na juu ya matofali kikabaki miaka yote. Siku ile, kwa kuwa mguu mwingine alikuwa ameuleta kama sampuli, matofali yalikuwa pembe mbili. Alisimulia kwa kuchekesha, na banda zima lilicheka, hasa alipomwigiza shemeji anakimbia na mguu kwapani.

Msanii alirekodi kwa simu. Bibi aliiona simu. "Nilidhani anasoma meseji," aliniambia, "vijana si ndivyo walivyo."

Benchi linavuka jiji

Miezi kadhaa baadaye kituo kimoja cha sanaa upande wa pili wa jiji kilimwalika msanii alete benchi la nne na kusimulia kando yake. Katikati ya benchi hilo, kwenye ufito mpana kuliko mingine, alikuwa amechonga kitanda cha miguu mitatu. Matayarisho yalifanywa kwa umakini: vipimo vya benchi, uzito wake, gari la kulibeba, taa. Barua pepe nilizoonyeshwa zina swali kuhusu aina ya vanishi. Hazina swali hata moja kuhusu wenye visa.

Jukwaani alijifunga kanga na kusema kwa nafsi ya kwanza, yeye ndiye mjane. Tangazo lilisema ni visa vya kweli vya mtaani kwake. Mwishoni mjane anaukuta mguu wake wa nne kwenye karakana moja ya Keko, unatumika kama sampuli, anaukomboa, kitanda kinasimama. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Nilimuuliza kwa nini aliuongeza mwisho huo. Akasema mazoezini kisa kilikuwa kinaning'inia, watu aliowajaribishia walikuwa wanauliza "halafu?", na yeye hakuwa na jibu. Mtu mmoja alitaka kulinunua benchi usiku ule ule, kwa bei ambayo karakana haikuwahi kuiona kwa kitu kimoja.

Wiki hiyo hiyo kipande cha video kikafika mtaani kupitia WhatsApp. Hakuna jina lililotajwa ndani yake. Lakini mtaani hapakuwa na samadari nyingine yenye matofali.

Nyumbani kwa bibi

Kijana wa bibi alifika bandani asubuhi akiwa amefura, akasema maneno yake, akaondoka. Msanii alifikiria kunyamaza mpaka moto upoe. Alifikiria pia kuliuza benchi na kupeleka sehemu ya fedha kwa bibi kama zawadi. Mzee alikataa yote mawili kwa sababu moja: "Ukipeleka hela kabla ya kuitwa, umekwenda kununua ugomvi. Nenda kwanza na miguu." Wakaenda jioni, wakamchukua na mjumbe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Ikasemwa habari ya afya, ya wajukuu, ya mvua. Chai ikaja. Kisha bibi akasema, kwa sauti isiyo na hasira, kama alivyokumbuka mjumbe: "Mjukuu wangu, mimi sikuudhika kusemwa. Mimi mwenyewe nasema, tena kwa watu. Lakini wewe umekwenda kuwaambia watu mguu umepatikana. Kaupata nani? Hadithi yangu imetembea imefika kwa Wazungu, kitanda changu bado kiko kwenye matofali."

Kijana wake alikuwa na lake, na halikuwa hilo. Suala la nyumba halikuwa limekwisha. Ukoo wa pili ulikuwa umeiona video, na sasa wanadai mama ameandaa mchezo wa kuwachafua ili apate huruma ya watu. Kwa hiyo ndani ya chumba kimoja kulikuwa na malalamiko mawili tofauti: la mama lilikuwa kwamba kisa kimesemwa uongo, la mwana kwamba kimesemwa. Msanii akisikiliza moja tu angelijibu kwa namna ya kulichochea jingine.

Waliyoafikiana jioni ile ni haya. Benchi haliuzwi likiwa na alama ile. Ufito wa katikati utatolewa na kuwekwa mwingine, na ule wa zamani atapewa bibi afanye anavyotaka. Kituo kitaombwa kuondoa video kwenye kurasa zake, na kiliiondoa bila ubishi, ingawa iliyokwisha kusambaa kwenye simu za watu haikuwa ya kurudishwa. Ukabaki mguu. Msanii alisema karakana itaukereza bure. Bibi akakataa.

"Mguu nitaununua. Na wewe hadithi utainunua."

Mzee akatoa daftari la oda kwenye mfuko wa shati. Upande mmoja yakaandikwa mninga na ukerezaji, upande wa pili usimulizi wa mara moja nje ya mtaa. Walibishana bei kama watu wanaobishana bei, mjumbe akiwa anasukuma huku na huku, mpaka pande mbili zikalingana. Bibi aliweka sahihi.

Mnunuzi wa benchi alielezwa kwamba atapata jingine. Hakurudi. Mzee, hili nimeruhusiwa kuliandika, bado anaamini kwamba kulikataa lile dau kulikuwa kosa: ufito ungebadilishwa siku ile ile, benchi likauzwa, na mbao za mwaka mzima zikanunuliwa. Kwa hesabu yake yuko sawa. Msanii anasema mnunuzi hakutaka benchi, alitaka kitanda cha miguu mitatu.

Yaliyobadilika

Tangu hapo hadithi inaandikwa kwenye daftari lile lile la oda, chini ya kazi iliyoletwa. Ya nani. Nani mwingine anatajwa ndani yake. Isikike wapi: hapa bandani, mtaani, au nje. Mwisho wake ni upi, na kwamba haubadilishwi bila mwenyewe. Inalipwaje, na mara nyingi inalipwa kwa kazi ya mbao. Simu haitoki mfukoni kabla ya mstari huo kuandikwa.

Watu wengi huchagua "hapa bandani". Matokeo yake ni kwamba vitu vya kupeleka jukwaani vimepungua sana, na mwaliko mmoja ulipotea kwa sababu msanii hakuwa na kisa kilichoruhusiwa kutoka. Alasiri zenyewe zilidorora kwa muda. Wanaume wa kijiwe cha kahawa ndio waliorudi mapema, kwa kuwa wao walikuwa wakisimulia siasa na mpira. Wanawake walichukua muda, na waliporudi walikuja na vitu vidogo kwanza: kigoda, kinu, fremu ya picha.

Uchambuzi

Nianze na kilichoibeba kazi. Karakana ilikuwa karakana kweli. Ilikuwa na wateja waliotaka droo zinazofunga, na hao walileta fedha hata mwaliko ulipokosekana. Nimeona kazi nyingi za sanaa ya jamii hapa mjini ambazo huzimika mfadhili anapozima taa. Hii haikuzimika. Kikundi cha vijana wa alasiri kilikuwa kimeanza kufuatilia mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani wanaotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, na kazi ikaendelea kwa viti vya watu vilivyovunjika. Ushirika na mzee nao una uzito wake. Yeye ndiye aliyekuwa akisema hapana, na karakana yenye mtu mmoja wa kusema hapana ina afya kuliko yenye washauri watano.

Uhusiano wa mbao na maneno nao ulikuwa wa kweli katika hatua ya kwanza, ya alasiri. Kazi ya mkono ilizaa usemi. Katika hatua ya pili ulilegea: hadithi ikageuzwa nakshi ya benchi, kisha benchi likageuzwa mapambo ya hadithi ya jukwaani, na ule mguu, kazi halisi ya useremala iliyokuwa ndani ya kisa, ukabaki haujakerezwa. Kwangu hapa ndipo kiini cha kushindwa kilipo. Bibi alikuja na oda. Akaondoka bila mguu, na karakana ikabaki na kisa. Hakuna fundi wa Keko ambaye angepokea sampuli, akaitumia kutengeneza kitu chake na kukiuza, bila kusikia habari yake. Maadili yaliyohitajika yalikuwa tayari bandani, kwenye daftari. Hakuna aliyeona kwamba yanahusu maneno pia.

Msanii hakuwa mgeni wa mambo haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia ndefu ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, kazi iliyofanywa tangu miaka ya 1980 na watu kama Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, na msingi wake ni kwamba wanajamii wenyewe huchambua tatizo lao, hulitengenezea onyesho, hulicheza na kulijadili. Alifundishwa hayo. Nilipomuuliza yaliishia wapi, alisema aliyaona kama njia ya kuandaa mchezo, na yeye alikuwa anatengeneza benchi. Nadhani ni jibu la kweli, na linawahusu wengi wenye sanaa zaidi ya moja: ukivuka kutoka fani moja kwenda nyingine, miiko ya ile ya kwanza hudondoka njiani.

Kijiwe na jukwaa havisimulii kisa kimoja hata maneno yakiwa yale yale. Bandani kila msikilizaji alimjua shemeji, na wawili walimtetea papo hapo. Bibi alijibiwa, akajibu, kisa kikatoka kikiwa na pande zake. Jukwaani shemeji hakuwa na mtu. Ndiyo maana naona lalamiko la kijana lilikuwa na msingi zaidi ya hasira.

Kuficha jina hakukusaidia kitu. Kulimficha bibi kwa watazamaji ambao hata wangeambiwa jina wasingemjua, kukamwacha wazi kwa majirani. Mtu wa mtaani hutambulikana kwa kitanda chake, kwa mlango wake, kwa namna alivyofiwa. Anayeandika kisa kama hiki yuko kwenye shida ile ile: bibi amesomewa andishi hili lote, amebadilisha kitu kimoja, na sitasema ni kipi.

Kuhusu mwisho uliobuniwa, sikubaliani na wanaosema msanii hana haki ya kubuni. Angeweza kuuita mchezo wa kubuni, akabadilisha kitanda kuwa kabati na mjane kuwa mpangaji, na mguu ukapatikana bila kumkera mtu. Alichokosa haki nacho ni kubuni huku tangazo likisema ni kweli. Makofi yale yalipigiwa ukweli ambao haukutokea, na aliyeishi bila mguu ndiye aliyelipa.

Sheria ina la kusema, ingawa haifiki mbali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, lakini kisa cha maisha ya mtu hakiwi ngano kwa sababu tu kimesimuliwa kibarazani. Inayogusa zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Lakini jioni ile hakuna aliyetaja sheria, na nina hakika ingetajwa, kijana angekwenda kutafuta wakili na mguu usingekerezwa.

Kituo cha sanaa kilifanya mengi vizuri na kiliitikia haraka. Bajeti yake ilikuwa na fungu la usafiri, la taa, la msanii na la chakula cha wageni. Anayealika kazi ya namna hii angeweka fungu la wenye visa, hata dogo, angelazimika kuuliza ni akina nani, na swali hilo lingetangulia gari la kubeba benchi.

Lililobaki

Simu ya msanii bado ina sauti za kabla ya daftari. Baadhi ya wenyewe wamehama, mmoja amefariki na watoto wake wako Mbagala. Mzee anataka zifutwe zote. Msanii ameomba muda, na vijana wa alasiri wamegawana majina, kila mmoja na nyumba zake za kubisha hodi. Wamekubaliana kwamba sauti ambayo mwenyewe au nduguye hatapatikana itafutwa kabla ya benchi lijalo kuanzwa, na mbao za benchi hilo, za mwembe safari hii, tayari zimeegemezwa ukutani zinakauka.